Mtu Mmoja si Kaya

Kabla ya jini palikuwa na ubao, na mimi nasema hadi kesho kwamba ubao ndio ulioanza. Ulining'inizwa getini kwa kamba ya katani, umeandikwa kwa chokaa: KARIBU KAYA YA MABABU. MTU MMOJA SI KAYA.

Elinaza aliusoma mara mbili, jua la saa saba la Same likimchoma utosini. Alikuwa fundi cherehani kutoka Mbaga, huko juu milimani, na siku hiyo alitimiza miaka hamsini. Majuma mawili alikuwa ameinamia cherehani akishona sare thelathini na mbili za kwaya ya usharika, na kila aliposhika kiuno kwa maumivu alijiambia: nikimaliza nateremka Same, naingia kwenye ule mgahawa wanaousifia, nakula makande ya chungu, nimekaa, nahudumiwa kama watu. Tangu jana jioni hakutia kitu tumboni. Njaa yake aliitunza makusudi.

Mgahawa wenyewe ulijengwa kwa mtindo wa Upare wa zamani. Vibanda vya mviringo vilivyoezekwa nyasi, vigoda vya miguu mitatu, wahudumu wamejifunga kaniki, chakula kinaletwa na chungu chake. Kila kibanda walikiita kaya.

"Shikamoo mama, karibu," alisema binti wa getini, Salha jina lake. "Mko wangapi?"

"Marahaba. Niko peke yangu."

Tabasamu la binti likapungua. "Unamsubiri mtu?"

"Nasubiri makande."

Salha akaenda kumwita meneja. Akaja kijana aitwaye Rodrick, kaniki begani, saa kubwa mkononi, na pembe ya ng'ombe imemning'inia kifuani.

"Shikamoo mama. Unajua, hapa hatuuzi chakula tu. Tunauza maisha ya mababu. Na mababu zetu hawakula peke yao."

"Marahaba. Na mababu zako walikuwa wanamzuia mgeni getini?"

"Si kuzuia, mama. Ni utaratibu. Kibanda ni cha kaya, kuanzia watu wawili." Akamwonyesha kiti cha plastiki nyuma ya jiko, kando ya magunia ya mkaa. "Pale unaweza kukaa. Au tukufungie kwenye mfuko, ukale huko mbele ya safari."

Elinaza akahesabu vibanda. Sita. Vinne havina mtu. Akiwa bado anahesabu, likaja gari, wakashuka kijana na msichana wake, kila mmoja macho kwenye simu, hata hawasemeshani. Rodrick akapuliza pembe, akawatangaza kwa majina mara tatu, wakaingizwa ndani kama mfalme na malkia. Hao ndio kaya! Mwanamke aliyejenga nyumba yake tofali kwa tofali, akaezeka kwa jasho lake, yeye si kaya, akakae na mkaa!

Wapare tunachekwa kwamba mtu wetu yuko radhi auze ng'ombe aendeshee kesi ya kuku. Na wacheke. Elinaza, badala ya kuondoka zake, akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya mbele ya kaunta yoyote. Akadanganya.

"Haya. Tuko wawili. Mwenzangu yuko njiani."

"Sasa ndiyo maneno!" Rodrick akashika pembe. "Anaitwa nani, tumtangaze?"

"Hilo halikuhusu. Mimi ni Elinaza. Sema mwenzangu."

Rodrick akageukia barabarani. Hapakuwa na mtu, ila upepo uliokuwa ukizungusha vumbi katikati ya njia. Akapuliza pembe, akaita kwa sauti yake ya maonyesho, "Mwenzake Elinaza, karibu kwenye kaya, chakula tayari!" Akaita tena. Akaita na mara ya tatu.

Jamani! Saa saba mchana, jua la utosini, njia nyeupe haina hata kuku, unamwita asiye na jina mara tatu na kumkaribisha chakula! Bibi yangu angemziba mdomo kwa kiganja. Lakini vijana wa leo bibi zao wamewaacha kwenye picha ukutani. Lile vumbi likasimama kidogo, kisha likalala.

Elinaza aliketi kibanda cha mwisho. Salha akaleta chungu, vijiko viwili, vikombe viwili vya maji. Makande yalikuwa yanatoa moshi, maharage yamepondeka vizuri, nazi imeingia. Akafumba macho, akasali sala ya mezani. Alipofumbua, alisikia harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji.

Akatazama huku na huku. Jiko lilikuwa mbali, na upepo ulivuma kuelekea huko. Akachota kijiko cha kwanza. Kitamu, kweli kitamu. Akachota cha pili.

Salha akapita na jagi. "Naona mwenzako amefika, mama. Nimuongezee maji?"

"Mwenzangu yupi?"

"Si huyo baba?" Binti akacheka kwa adabu, akajaza kikombe cha upande wa pili. Kikombe hicho Elinaza hakukigusa, na binti alikikuta kimebaki nusu.

"Binti, hebu rudi," alisema polepole. "Huyo baba anafananaje?"

"Aa, uso sijauona. Amenipa mgongo tu."

Salha akaenda zake. Elinaza akabaki ameshika kijiko hewani, anakitazama kile kigoda cha mbele yake, na akaona miguu yake mitatu imezama kwenye mchanga kuliko miguu ya kigoda alichokalia yeye, na akaona kijiko cha pili, ambacho kililetwa kikavu, sasa kimelowa rojo la maharage, na ndani ya chungu, upande ule ambao mkono wake haukufika, makande yalikuwa yamechimbwa shimo safi, na shimo hilo, akiwa analitazama kwa macho yake mawili, likaongezeka kina bila sauti yoyote, isipokuwa sauti ndogo ya mtu anayetafuna taratibu kwa raha zake.

"Niko peke yangu," alinong'ona.

Kutafuna kukakoma. Halafu kukaendelea.

Hakumaliza chakula. Kwenye gari la kurudi milimani mama mmoja mnene alitaka kuketi karibu naye, akainama, akashtuka, "Samahani baba," akaenda kukaa nyuma. Elinaza akaweka kiganja kwenye kile kiti kitupu. Kilikuwa na joto.

Sasa usiniulize aliogopa kiasi gani. Aliogopa, ndiyo, lakini zaidi alikasirika, maana kitu alichokuwa ananyang'anywa kilikuwa ndicho chake hasa. Elinaza alikataa wachumba watatu kwa ajili ya ukimya wa nyumba yake. Alipenda kuamka asubuhi akute mkasi pale alipouacha. Alipenda kunywa chai mlangoni akitazama ukungu ukipanda kutoka mabondeni, bila mtu wa kumuuliza anawaza nini. Sasa mkasi ulihama. Kikombe cha pili kilikutwa mezani, kimelowa. Godoro upande wa ukutani lilikuwa vuguvugu, na kila alipozima taa mtu alishusha pumzi kwa kuridhika, kama mume aliyetoka shambani.

"Toka kitandani kwangu!" alifoka usiku mmoja. Godoro likabonyea kidogo, likamsogelea.

Na kijiji? Kijiji kilifurahi! Hilo ndilo lililomtoa machozi. Jirani yake Agape alikuja na mkungu wa ndizi na vigelegele.

"Shoga, hongera! Mpaka umefikisha hamsini ndipo unatufichulia? Tumemwona jana amekaa kibarazani."

"Mmeona uso wake?"

"Mgongo tu. Lakini mgongo wa mtu mzima, mtulivu."

"Agape, nisikilize. Nyumba hii nakaa peke yangu."

"Aah, usione aibu," alisema Agape akimfinya shavu. Hata mchungaji, alipofuatwa kwa maombi, aliuliza ni lini atangaze ndoa kanisani. Elinaza alirudi nyumbani akilia kwa hasira barabara nzima, na hatua za mtu zilikuwa nyuma yake, hazimwachi wala hazimpiti.

Juma la tatu akateremka kijiji cha Kisiwani kwa Bi Mwamvita, mwanamke ambaye watu wa milimani humcheka mchana na kumtumia mtu kimyakimya shida zikiwafika. Bi Mwamvita alifukiza ubani, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Mtu wa kwanza kumsikiliza tangu lile geti.

"Mlango ule ni wako?" akauliza.

"Si wangu."

"Pembe ulipuliza wewe?"

"Hapana."

"Basi si mgeni wako. Wewe ulisema uongo, na adhabu yake umeiona. Lakini aliyemkaribisha ni mwenye mlango. Mwenye mlango huyo akukaribishe wewe, peke yako, kwa jina lako, mara tatu, saa ile ile. Hapo huyu atakuwa hana kiti kwako. Atarudi kwa mwenyeji wake."

"Atarudi kwa meneja?"

Bi Mwamvita akatupa jicho kando ya bega la Elinaza, akajifunika kanga vizuri. "Mwambie kijana ukweli kabla hajapuliza. Hiyo ndiyo haki yake. Akikataa kusikia, ni masikio yake."

Kesho yake saa saba Elinaza alikuwa getini. Ubao ulikuwa pale pale.

"Mko wangapi, mama?" Salha aliuliza, kisha akatazama nyuma ya Elinaza, akarudi hatua moja.

"Niitie meneja, binti yangu. Aje na pembe yake."

Rodrick akaja. Elinaza akamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti ya chini, bila kuongeza chumvi. Kijana akasikiliza akitabasamu lile tabasamu la utaratibu.

"Pole kwa usumbufu, mama. Lakini nikikuruhusu wewe leo, kesho watakuja kumi, kila mmoja na kibanda chake."

"Sitaki kibanda chako. Nataka uniite nilivyo. Yule mtu ulimwita wewe, na nakuonya, akitoka kwangu atakuja kwako."

"Kwangu?" Rodrick akacheka. "Mwambie aje, ila aje na mwenzake!"

Elinaza akaweka kikapu chake katikati ya geti, akakaa juu yake. Gari likaja, likapiga honi. Likaja la pili. Watu wakaanza kushuka na kuchukua video. Mzee mmoja akauliza kwa nini mama wa watu amewekwa chini juani, na wengine wakadakia. Rodrick akaona sura yake itasambaa hadi Dar, akaangalia saa, akasonya.

"Haya, mama. Nikiita unaondoka hapa?"

"Ukiita naingia kula."

Akapuliza pembe. "Elinaza, peke yake, karibu!" Watu wakapiga makofi. Akaita mara ya pili, akiinamia kamera za simu, akimkonyeza msichana mmoja. Ile harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji ikapanda pale getini mpaka mwenye gari la mbele akafunga kioo. Mara ya tatu alianza vizuri, "Elinaza, peke yake..." akakwama. Macho yake yalikuwa yamekazia kitu kando ya Elinaza. "...karibu," alimalizia kwa sauti ya mtoto.

Elinaza alihisi bega lake la kushoto limekuwa jepesi. Hakugeuka. Aliokota kikapu, akaingia kibanda cha mwisho, akaletewa chungu kimoja na kijiko kimoja, akala. Akala mpaka akakwangua chini. Kila alichokiacha upande wa pili alikikuta upande wa pili. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta, maana hapakuwa na wa kumwona.

Alipotoka, Rodrick alikuwa amesimama kwenye kaunta, mikono juu ya meza, hajitikisi. Mbele yake palikuwa na vikombe viwili vya chai. Salha alikuwa amejibanza ukutani, trei ameikumbatia kifuani.

"Mama," binti alinong'ona, "leo hakunipa mgongo. Amegeuka."

Elinaza hakutaka kujua zaidi.

"Mama, nisaidie," alisema Rodrick bila kugeuka. "Huyu aliyesimama nyuma yangu, anataka nini?"

Elinaza alimtazama. Alikuwa kijana tu, wa rika la watoto wa Agape, na moyo ulimwuma kidogo. Alifungua mdomo amtaje Bi Mwamvita wa Kisiwani. Halafu macho yake yakaangukia ule ubao.

"Anataka kula, baba," alisema. "Mtu mmoja si kaya."

Kwenye gari la kurudi milimani alipata kiti cha dirishani. Mzee mwenye jembe jipya akasimama hapo kando, akauliza, "Hapa pana mtu?"

Elinaza akaweka kiganja juu ya kiti. Kilikuwa baridi.

"Hapana mtu, mzee. Shikamoo. Kaa."