Mluzi wa Mwantumu na Ufizi Mwekundu

Kaeni karibu, nyie. Hii niliiona kwa macho yangu mawili.

Huyu ni Mwantumu, mtoto wa dada yangu. Ana miaka sita. Hakuna bingwa wa mluzi kama yeye bonde zima.

Jioni akitoka shule, anapanda dungu. Ni kichanja kirefu cha miti, katikati ya mpunga wa Bibi. Anatia vidole viwili mdomoni.

Fyuuuuu!

Mluzi huo, jamani. Ng'ombe wa ng'ambo ya mto wanaacha kula. Kwelea, wale ndege wadogo wala mpunga, wote wanaruka. Mpunga wa Bibi unabaki salama.

Asubuhi moja Mwantumu akapiga mswaki. Swaki swaki, swaki swaki. Akatema.

Mate yalikuwa mekundu.

Akatazama kwenye kioo. Ufizi umevimba, mwekundu kama pilipili. Akaona mswaki ndio umemuuma. Akauficha nyuma ya mtungi.

Hakumwambia mtu. Alifikiri akisema tu, meno yatang'olewa yote. Sasa bila meno atapigaje mluzi? Na bila mluzi, ndege si watamaliza mpunga?

Kesho yake hakupiga mswaki. Keshokutwa hakupiga. Ufizi ukazidi kuvimba. Mdomo ukaanza kunuka. Hata muwa aliukataa.

Jioni kwelea wakaja. Vrrr, vrrr, vrrr. Walikuwa wengi kuliko mchanga wa mtoni. Mimi nilianza kuwahesabu, nikachoka.

Mwantumu akatia vidole mdomoni. Akabana midomo. Ufizi ukamchoma kama moto.

Fff. Upepo tu.

Kwelea wakatua. Tik tik tik, wanakula.

Akajaribu tena. Fff.

Tik tik tik.

Bibi akaja mbio, anapunga kanga. Mimi nyuma yake na debe. Tukamkuta Mwantumu analia, mkono umeziba mdomo.

Bibi akaupa mpunga mgongo. Nyuma yake ndege wanakula, yeye hata hageuki.

"Fungua mdomo, mjukuu wangu," akasema. "Nione."

Mwantumu akatikisa kichwa. Tik tik tik. Akatikisa tena.

Mwisho akafungua.

"Bibi, meno yangu yataisha?"

"Hayaishi. Ufizi unaumwa kwa uchafu uliokaa kwenye meno. Mswaki uko wapi?"

"Nimeuficha. Uliniuma."

"Haukukuuma, mama. Ufizi ulikuwa unataka kusafishwa, na wewe ukauacha."

Asubuhi tukaenda zahanati. Daktari wa meno akatazama, akasafisha. Akasema mswaki usiachwe hata damu ikitoka kidogo. Upigwe polepole, asubuhi na kabla ya kulala. Na pipi asilale nayo mdomoni.

Nyumbani Bibi akatia chumvi kidogo kwenye maji ya uvuguvugu. Mwantumu akasukutua, akatema. Bibi naye akakaa pembeni, anatafuna kijiti chake cha mwarobaini, kichungu hicho. Hakutaka mjukuu wake asafishe meno peke yake.

Swaki swaki, polepole.
Sukutu sukutu, pwaa!

Akala machungwa. Akala mapera. Akala mchicha, ingawa aliununia kwanza.

Shamba nikalilinda mimi. Kong'o kong'o, debe likatoboka. Nikaleta la pili, likatoboka. Kwelea wakazoea, wakawa wanatua juu ya debe lenyewe.

Mpunga ukawa unapungua. Kila jioni Mwantumu anauliza kama umebaki. Tunamwambia umebaki. Anarudi kwenye mswaki.

Swaki swaki, polepole.
Sukutu sukutu, pwaa!

Damu ikapungua. Halafu ikakata. Ufizi ukarudi rangi yake.

Ikabaki siku moja tu Bibi avune. Jioni hiyo jua likazibwa. Vrrr, vrrr, vrrr! Kwelea wa dunia nzima wamekuja kwetu. Na debe sina.

Mwantumu akapanda dungu. Akatia vidole mdomoni.

Fyu.

Kadogo kabisa. Kwelea mmoja akageuka, akamtazama, akaendelea kula.

Tik tik tik.

Mwantumu akagusa ufizi kwa ulimi. Hauumi. Akavuta pumzi mpaka tumbo likajaa.

Fyuuuuuuuu!

Bonde lote likatikisika. Kofia yangu ikaruka. Kwelea wakaondoka wote pamoja, na wengine mpaka leo hawajatua.

Bibi akavuna. Usiku tukala wali mpya, moto, una nazi. Mwantumu akalamba vidole, macho yanajifumba.

"Bado," Bibi akasema.

Mwantumu akachukua mswaki wake. Siku hizi unakaa kwenye kikombe chake, mbele ya mtungi, kila mtu anauona.

Swaki swaki, polepole.
Sukutu sukutu, pwaa!

Akalala. Usingizini akatoa kamluzi kadogo. Fyuu.

Na jogoo wetu, huko nje, akaingia chini ya tenga akajificha.