Mgeni Yupi?

Kila Jumamosi asubuhi Kasuku alimsaidia mama yake katika chumba cha kufulia cha hoteli ya ufukweni. Kasuku halikuwa jina lake, ila mdomo wake haukuwa na likizo, na wafuaji walishamzoea hivyo. Kazi yake ilikuwa kukung'uta mchanga kwenye mataulo kabla hayajaingia mashineni. Mama yake alipiga pasi mashuka. Katika chumba hicho neno "mgeni" lilikuwa na maana moja tu: mtu aliyelipia chumba. Taulo la mgeni. Shuka la mgeni. Mgeni hakosei.

Jumamosi hiyo habari mbaya ilifika kabla mashine hazijawashwa. Msichana mtalii alikuwa ameokotwa alfajiri mchangani, nyuma ya baa ya muziki, hajitambui. Mkoba wake haukuwepo. Daktari alisema alitiliwa dawa kwenye kinywaji, na hakuna aliyejua kama angeamka.

Kasuku aliacha taulo mkononi. Jana yake jioni, jua halijazama, alikuwa ametumwa na mama yake kupeleka mataulo safi kwenye baa hiyo. Alimwona mwanamume mmoja aliyepanga chumba cha ghorofani akidondosha kitu kutoka kwenye kichupa ndani ya glasi ya msichana, wakati msichana amegeuka kupiga picha. Kasuku alidhani ni kitu cha kuongeza ladha.

Alikimbia hadi langoni. "Mjomba! Mimi nimemwona aliyeweka dawa!"

"Nani?" aliuliza mlinzi.

"Mgeni! Ni mgeni!"

Mlinzi alijipiga paja. "Si nilisema mimi? Nilisema!" Akapuliza filimbi kuwaita wenzake. Kasuku alirudi kazini akijiona mwepesi, kama aliyetua mzigo.

Lakini mtaani, nje ya lango, neno hilo lilikuwa na maana nyingine. Kando ya ukuta alikaa fundi viatu aliyevuka mpaka miaka sita nyuma akikimbia vita. Alishona viatu vya watalii na vya watoto wa shule. Watu hawakumwita fundi. Walimwita "yule mgeni".

Kelele zilipozuka, Kasuku alipanda juu ya ndoo na kuchungulia dirishani. Walinzi watatu na waendesha pikipiki wanne walikuwa wamemzunguka fundi. Mmoja alimkanyaga mkono wa kulia, ule wa kushikia sindano, akazungusha kisigino kama anayezima sigara. "Nimekosa nini?" fundi alilia. "Niambieni nimekosa nini!" Polisi walipofika, walimpakia yeye.

"Afadhali," alisema mfuaji mmoja akisukuma kapu la nguo. "Tangu wageni hawa waje hapa hakulaliki. Usiku huko baa wamejaa wao tu."

"Wamejaa wapi, dada?" aliuliza mzee wa mashine ya kukaushia. "Nani kati yao ana hela ya kuingia baa?"

"Ndiyo maana wanaiba!"

"Ha! Wakiingia ni wezi, wasipoingia ni wezi. Wafanyeje, waelee hewani?"

"Watetee tu. Siku binti yako akitiliwa dawa utanikumbuka. Wafukuzwe wote, tulale salama."

"Na kama mwenye dawa si wao? Hapo tutakuwa tumelala salama na nani?"

Kasuku alishuka kwenye ndoo. Alimvuta mama yake aproni. "Mama, si fundi. Nilisema mgeni. Mgeni wa chumbani, yule wa ghorofani."

Mama yake alisimamisha pasi. Akamshika mwanawe mkono wakaenda kwa meneja.

Meneja alisikiliza nusu. "Mama, yule ni mgeni wetu. Watoto huona mengi. Rudi kwenye pasi yako, kama bado unaitaka."

Huko koridoni mama alisimama akiuma mdomo. Alikuwa analea peke yake, na kazi nyingine hakuwa nayo. Kasuku alijua hivyo. Ndipo mama alipofungua aproni, akaitundika kwenye kitasa cha mlango wa meneja.

Katika kituo cha polisi walichukuliwa maelezo na askari wa kike mwenye sauti kavu.

"Nani alitia dawa?"

"Mgeni."

"Mgeni yupi? Hilo neno liache. Niambie macho yako yaliona nini."

Kasuku alivuta pumzi. "Kipara. Shati la maua. Pete mbili mkono wa kushoto. Kichupa alikificha kwenye soksi."

Polisi walimkuta mwanamume huyo akifunga sanduku. Mkoba wa msichana ulikuwa chini ya nguo zake, na kichupa pia.

Fundi aliachiwa jioni ile ile. Vidole vyake vitatu vilikuwa vimevunjika, na daktari alisema havitakunjika tena. Msichana aliamka siku ya tatu. Mama alipewa barua ya kuachishwa kazi. Waliompiga fundi hawakuulizwa lolote na mtu yeyote.

Wiki iliyofuata Kasuku alikwenda na mama yake pale ukutani. Fundi alikuwa amebana kiatu kwa magoti, akijaribu kushona kwa mkono wa kushoto. Kiatu kilimponyoka mara mbili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Nisamehe. Sikukutaja wewe."

"Najua. Wewe hukunitaja. Walionitaja ni wao." Alikiokota kiatu. "Nishikie hapa. Kaza."

Kasuku alipiga magoti, akakishika kwa mikono miwili. Sindano ilipita polepole, karibu na kidole chake.

"Sikiliza, mwanangu," fundi alisema bila kuinua kichwa. "Ukiona ubaya, usinyamaze. Mama yako hakunyamaza, ndiyo maana mimi niko hapa na si gerezani. Lakini ukiulizwa ni nani, taja mtu: sura yake, nguo yake, mkono wake. Ukitaja aina ya watu, wenye hasira watajichagulia mmoja wa kumpiga. Na watamchagua yule asiye na wa kumtetea."