Walimficha Uso Tu

Kila asubuhi kabla ya masomo, Redio alisimama mbele ya shule nzima kusoma matangazo: nani amepoteza sweta, darasa gani limeongoza kwa usafi, nani tena ameacha bomba wazi. Wanafunzi walimpa jina hilo kwa sababu ya sauti yake nzito, yenye mkwaruzo kidogo, iliyofika hadi getini bila kipaza sauti. Alilipenda kuliko jina lake la cheti.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia mwenzake yeyote. Redio alikuwa na kifafa. Alimeza dawa asubuhi na jioni, na ilikuwa imepita miaka bila kuanguka. Shuleni aliyejua ni mwalimu wa darasa peke yake.

Siku moja, Redio akiwa kliniki na mama yake, alikuja mwandishi wa habari wa televisheni, kijana mchangamfu mwenye kamera begani. Alikuwa akitengeneza kipindi kuhusu watoto wenye kifafa. Akamvuta mama pembeni.

"Usiwe na wasiwasi, mama. Uso wake tutauficha. Hatambuliki hata na paka wenu."

Mama alikuwa fundi cherehani, na nguo za watu zilikuwa zikimngoja. Akakubali haraka. Redio hakuulizwa chochote. Aliona tu kipaza sauti kikisogezwa mdomoni, akaambiwa aeleze siku alipoanguka mara ya kwanza. Kwa kuwa wakubwa walikwishaelewana, alieleza yote, hata kwamba alizinduka akiwa amejikojolea.

Kipindi kilipotoka, uso wake ulikuwa ukungu mtupu. Mama akaridhika. Lakini asubuhi iliyofuata, Redio alipofungua mdomo kusoma matangazo, minong'ono ilianza mistari ya nyuma.

"Ndiye! Msikilizeni!"

Mmoja akaikaza sauti yake, akaiga: "Nilizinduka nimejikojolea." Shule ikaangua kicheko. Redio alitamani ardhi ipasuke immeze.

Darasani, rafiki yake Kijino, aliyekaa naye dawati moja, alikuwa akikusanya vitabu vyake.

"Si kwamba nakuogopa," alisema bila kumtazama. "Nyumbani wamesema unaambukiza."

Tangu siku hiyo Redio akawa mfungwa wa sauti yake mwenyewe. Dukani alionyesha kwa kidole alichotaka, maana akisema neno moja, vichwa viligeuka. Kwa kinyozi, vijana walikirudia kipindi kwenye simu zao, na alipopita njiani aliisikia sauti yake mwenyewe ikitoka ndani. Alijifungia katika chumba cha nyuma, akasingizia tumbo. Hata kule ndani alinong'ona, akihofia dirisha.

"Tumbo gani hili linaloziba mdomo?" mama aliuliza siku ya tatu.

Hapo Redio akapasuka kwa kilio, akamweleza.

"Lakini uso wako ulifichwa!" mama alisema. Akakitafuta kipindi kwenye simu, akafumba macho, akasikiliza. Hakufika mwisho. Aliizima simu, akajifunga kitambaa kichwani. "Vaa viatu. Twende tukawaone."

Kwenye kituo cha televisheni, mwandishi alikuwa mapokezi akinywa chai. Alipomwona mama, alianza kujitetea kabla hajashtakiwa.

"Mama, uso tuliuficha kama tulivyokubaliana. Hakuna anayeweza kumjua."

Redio alimgeukia dada wa mapokezi. "Shikamoo," alisema kwa sauti ya chini.

"Marahaba, mwanangu." Kisha yule dada akakodoa macho. "Ngoja! Wewe si yule mtoto wa kipindi cha kifafa?"

Mwandishi aliweka kikombe chini.

Mhariri, mama wa makamo, aliitwa akasikiliza yote. Aliamuru kipindi kiondolewe saa hiyo hiyo, akamwomba Redio radhi. "Waliokihifadhi kwenye simu zao siwezi kuwafikia," alisema. "Sitakudanganya."

Redio alihitaji msaada zaidi ya huo. Kwa ombi la mama na mwalimu wa darasa, muuguzi wa kliniki alikwenda shuleni kufundisha kuhusu kifafa, bila kumtaja mtu.

"Hakiambukizi," alisema, "hata mkila sahani moja."

Somo lilipokwisha, Kijino alirudi na mkoba wake. "Nisamehe," alisema. "Haya, sogea, unanibana," ingawa dawati zima lilikuwa wazi. Redio akacheka, akasogea.

Kisha mwandishi akaja nyumbani, kamera ikiwa imefungwa ndani ya begi lake. Alitaka kutengeneza kipindi kipya, cha kusahihisha cha kwanza.

"Mama, unaonaje? Unaruhusu?"

Mama alitoa pini alizozibana midomoni. "Muulize mwenyewe. Mara ya kwanza tulimruka."

Mwandishi alichuchumaa mbele ya Redio, akauliza taratibu. Redio alimtazama mama, lakini mama alikuwa ameinamia nguo makusudi.

"Nikikataa, utakasirika?"

"Hapana."

"Basi sitaki."

Alilisema kwa sauti yake yote, hadi mpita njia akageuka. Mwandishi aliitikia kwa kichwa, akaaga, akaondoka.

Mama alimvuta Redio karibu na cherehani.

"Nilidhani kwa kuwa nimekuzaa, mambo yako ni yangu kuyatoa nje," alisema. "Nilikosea, mwanangu. Uso, sauti, ugonjwa, hivyo vyote ni vyako. Mimi kazi yangu ni kukulinda, na siwezi kukulinda bila kukuuliza. Yeyote atakayetaka kukutangaza, hata kwa nia njema, hata awe mimi, akuulize kwanza. Na ukisema hapana, tunaishia hapo."