Taa ya Shuyun na Chaneli ya Kumi na Tatu

Walikutana kwa kugongana, na mwenye kosa alikuwa Boren. Alishuka ngazi ya umeme ya Huaqiangbei, soko la vifaa vya elektroniki, amekumbatia katoni lililompita kichwa, akamvaa msichana aliyesimama chini akisoma vibao vya maduka.

"Kaka, macho umeyaacha nyumbani?"

"Samahani, dada. Nisaidie kuokota, nitakupeleka duka lolote unalotafuta."

Alikuwa Shuyun, fundi wa nguo, amevaa gauni la kijani la kola ya kusimama alilolishona mwenyewe, na alitafuta mota ya cherehani. Mota ilipatikana upesi. Chai kwenye kibanda cha Boren, katika vikombe vidogo vya kwao Shantou, haikuisha mpaka soko likafungwa.

Kazi ya Boren ilikuwa kupanga chipu za Wi-Fi, vipande vidogo vinavyotiwa ndani ya feni na birika ili viingie mtandaoni. Kila nchi ina sheria zake za mawimbi, kwa hiyo kila chipu huambiwa inakwenda nchi gani. Majira yale oda zote zilikuwa za Marekani, na vidole vyake viliandika Marekani bila kumuuliza.

Mwaka mpya ulipokaribia akatengeneza taa mbili zinazowasiliana kwa mtandao, akampa Shuyun moja aliyokwisha kuitia neno la siri la Wi-Fi ya kwao.

"Ukiigusa hii, yangu inawaka."

"Ikiwaka?"

"Umekubali twende kwa mama mwaka mpya. Hutaki, usiiguse. Sitapiga simu, sitauliza."

"Mwanamume mzima unauogopa mdomo wangu?"

"Sana."

Shuyun alicheka, lakini alijua uzito wake. Msichana anayepelekwa nyumbani mwaka mpya si mgeni, ni mkwe anayekaguliwa. Boren alikuwa ameshanunua tiketi mbili za treni.

Taa haikuwaka. Aliipangusa, akaisogeza, akabadilisha waya. Bi Cai, jirani yake wa kibanda, akachoka kumtazama.

"Mpigie mtoto wa watu."

"Nilisema sitapiga."

"Basi kaa na ahadi yako, ikupikie."

Boren aliumia, lakini hakupiga. Mwishowe akairudisha tiketi ya Shuyun kituoni.

Kesho yake Shuyun akatokea, koti jekundu, midomo imebana. Akaitua taa mezani kwa kishindo.

"Chukua takataka yako. Nimeigusa mpaka kidole kimechoka, na wewe kimya. Kama ulighairi si ungesema?"

"Umeigusa?"

"Siku ileile uliyonipa. Kitaa cha buluu kikapepesa, nikajua umepata."

Boren akaivuta taa karibu. Kupepesa ni kuutafuta mtandao, na hilo hakumwambia. Akaiunganisha taa na kompyuta, akasoma, akashika kichwa.

"Ruta yenu nani aliipanga?"

"Kaka yangu. Jengo zima limejaa mitandao, akatuweka chaneli ya kumi na tatu, huko hakuna msongamano. Kwa nini?"

"Nimeipanga taa yako kama ya Marekani. Chipu ya Marekani haisikii chaneli zaidi ya kumi na moja. Mimi naipanga mchana kutwa, na hii nikaipanga vilevile. Nisamehe, mpenzi. Nilidhani umenikataa."

"Na simu ilikuwa ya Marekani pia?"

Boren akainamia kompyuta. Akabadilisha nchi iliyoandikwa kwenye chipu, akamrudishia taa kwa mikono miwili.

"Nitaigusa au sitaigusa," alisema Shuyun akiondoka, "utajua mwenyewe."

Boren alikaa mbele ya taa yake kama mtu anayesubiri daktari. Wateja waliuliza bei, aliyewajibu alikuwa Bi Cai. Jioni taa ikawaka, rangi ya chungwa, na simu ikalia hapohapo.

"Imewaka?"

"Imewaka."

"Wakati huu nimepiga mwenyewe, nisije nikangoja tena. Tiketi yangu iko wapi?"

"Nimeirudisha."

Shuyun akaguna.

"Yako unayo?"

"Ninayo."

"Basi kiti ni changu. Wewe katafute tiketi ya kusimama."

Akasimama mpaka Shantou, amebeba mikoba na zawadi za mama, na kila alipotaka kuegemea, Shuyun alimkumbusha kwamba kiti kina mwenyewe.