Wino wa Mazoezi

Mhasibu ndiye aliyemkuta. Saa moja asubuhi, siku ya mwisho ya kujiandikisha kupiga kura, alisukuma mlango wa chumba cha mazoezi ili achukue vizibao vya wahamasishaji. Akaona viatu, kisha miguu, na mengine hakuyaona kwa sababu alishaanza kupiga kelele.

Aliyelala sakafuni ni mkurugenzi wa shirika, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Foleni, maana popote alipopita watu walijikuta wamepangwa mstari. Kisogo kilikuwa kimepasukia kwenye pembe ya sanduku la kura la mbao. Mkononi alishika shingo ya kichupa kilichovunjika.

Kesi akapewa inspekta wa makamo ambaye kituoni walimwita Shangazi. Alihoji watu kama shangazi anavyomhoji mchumba wa binti: polepole, mpaka unataja na ambayo hukuulizwa.

Uani alikuta gari la shirika, boneti wazi, na dereva amejikunyata kwenye tairi analia. Alikuwa mdogo wake marehemu, tumbo moja.

"Pole sana, mwanangu," Shangazi alisema, akanyoosha mkono.

"Nitakuchafua, Shangazi." Akaonyesha viganja, vyeusi tii kwa grisi. "Gari limegoma tangu nifike. Hata ndani sijaingia leo. Nimesikia tu kelele."

Chumba cha mazoezi kilikuwa giza.

"Mnafuga popo humu?" Shangazi aliuliza.

"Tunafundishia kupiga kura," alisema mhasibu huku akijifuta macho kwa ukosi wa blauzi. "Tunaweka mapazia meusi ili watu wazoee usiri. Mama alisema watu wa machimboni si wavivu wa kujiandikisha, wanaogopa kuaibika siku yenyewe. Basi wanakuja hapa wanakosea, tunacheka nao, wanachovya kidole kwenye wino, wanarudi nyumbani wanakitembeza kama pete."

"Na leo ilikuwaje?"

"Leo gari lilikuwa liwapeleke kujiandikisha. Kituo kiko ng'ambo ya mlima, kinafungwa jioni. Kila nyumba Mama aliuliza: utatoka saa ngapi, na utaondoka na nani? Alisema mtu akishajibu kwa mdomo wake, atatoka tu. Lakini wazee hawawezi ule mlima kwa miguu. Na wakisikia Mama ameuawa..."

"Nani angefurahi wasitoke?"

Mhasibu alitazama mlango kwanza. "Diwani. Anajua hawamtaki. Jana mtu wake, yule Nyundo, alisimama getini akamwambia Mama mbele ya watu, 'Wewe na foleni zako, mtaona.'"

Shangazi akavuta mapazia. Jua likamwagika mpaka ukutani. Ukuta ulikuwa mweupe wa vumbi, isipokuwa sehemu moja iliyong'aa kama imesuguliwa.

"Nani kafua ukuta?"

Wakiwa bado wanaulizana, koplo akamgusa Shangazi bega. "Afande, tazama."

Pale palipokuwa safi, kivuli cha kahawia kilianza kujichora. Kikakolea. Kikawa kiganja kizima cha mkono wa kulia.

"Wino wetu huo," mhasibu alinong'ona. "Ukiosha unadhani umetoka. Jua likiupiga unarudi mweusi, na hapo hata ujikwangue kwa jiwe hautoki. Ndiyo tunachowafundisha kwanza."

Nyundo aliletwa kabla chai haijapoa. Jitu la miraba minne, mkono wa kushoto mfukoni.

"Mtoe huyo mgonjwa mfukoni tumwone," Shangazi alisema.

Kidole kidogo kilikuwa cheusi. Koplo akashika pingu.

"Alinifundisha mwenyewe!" Nyundo alibwata. "Jana mchana, mlango tumefunga. Nina miaka arobaini na nawafukuza watu kwenye kitu ambacho mwenyewe sijawahi kukifanya. Nilitaka kujua kikoje. Akacheka, akanishika kidole kama mtoto." Akakikunja kile kidole kiganjani. "Hakumwambia mtu."

"Na wa kulia?"

Akaufungua. Ulikuwa mweupe kama sahani ya mgeni.

Shangazi akamwashiria koplo arudishe pingu kiunoni. Kisha akaomba beseni, sabuni ya unga na mafuta ya taa, akatoka uani.

"Nawa, mwanangu," alimwambia dereva. "Huwezi kumpokea mama yako msibani na mikono hiyo."

"Bado natengeneza gari."

"Gari litasubiri. Nawa."

Akanawa mkono wa kushoto, ukatakata. Wa kulia akauchovya tu, akautoa. Shangazi akaushika mwenyewe, akausugua taratibu kama anaogesha mtoto. Grisi ilitoka. Weusi ukabaki kiganjani, kwenye mikunjo na chini ya kucha.

"Umemwendesha miaka yote hii," alisema. "Umewaleta mamia kwenye somo lake. Lakini wewe naona hukuingia hata mara moja, ulilala garini. Ungeingia ungejua huu wino hauoshwi."

Koplo akampekua. Mfuko wa nyuma ulikuwa na waya wa koili, ule ambao bila huo injini haiwaki.

Dereva akautazama ule waya. "Diwani aliniahidi gari la serikali. Sare, pensheni. Niseme tu limeharibika, basi, siku moja tu! Dada akaja mapema akanikuta nachomoa waya. Akakimbilia ndani apige simu atafute gari jingine. Nilitaka simu, Shangazi! Akashika kichupa cha wino anizuie, nikamsukuma, kikapasuka kati yetu..."

"Alikuwa anapumua?"

Dereva akafuta kiganja kwenye suruali.

"Nimekuuliza."

"Alikuwa anapumua."

"Na wewe ukaanza na ukuta."

Koplo alimchukua. Amri ya pili ikawa ya kumleta diwani. Waya ukarudishwa, injini ikanguruma.

"Nani ataendesha?" mhasibu aliuliza. Nyundo akapanda, akashika usukani bila kumtazama mtu.

Nyumba ya kwanza machimboni, bibi mmoja alikuwa amekaa kizingitini, kitambulisho mkononi, kilemba kipya kichwani. Shangazi alishuka. Kwa kawaida hakukosa la utani hata mochwari. Sasa alilitafuta, akalikosa.

"Mbona mmechelewa?" bibi aliuliza. "Binti yangu aliniuliza, 'Mama, utatoka saa ngapi, na utaondoka na nani?' Nikamjibu, saa mbili, na mdogo wako." Akachungulia garini. "Wako wapi wanangu?"

Shangazi akaketi kizingitini kando yake, akamshika mkono, akamwambia yote mawili.

Bibi hakulia. Alikitazama kitambulisho kwa muda mrefu, kilemba kikateleza, hakukirekebisha. Majirani walianza kutoka milangoni mmojammoja, wamesimama, wanamsubiri yeye.

"Nilimwahidi saa mbili," alisema mwishowe, akatafuta bega la Shangazi ili ainuke. "Niinue."