Mtungi wa Alhamisi

Jumapili, saa moja na nusu asubuhi, Ersilia alipiga kiberiti jikoni kwa jirani yake ili achemshe kahawa, kama kila Jumapili, na moto ukamvamia kutoka sakafuni. Ulimuunguza miguu hadi magotini, ukala pazia, ukafa.

Mwenye nyumba, Incoronata Lopardo, mjane wa miaka sabini na minane, alikuwa kanisani. Aliporudi alikuta zimamoto wameshatoa mtungi wa gesi na kuuweka barazani, Ersilia ameshapelekwa hospitali ya Foggia, na Sabino, mwana wa Incoronata, anayekaa ng'ambo ya barabara na aliyefika kabla ya wote, anamweleza Sajenti Lozito wa polisi ya karabinieri mambo aliyoyakuta.

"Swichi ya gesi ya jiko kubwa ilikuwa wazi," Sabino alisema. "Nimeifunga kwa mkono wangu. Mama kachemsha maziwa, yamefurika yakazima moto, gesi ikaendelea kutoka, naye huyo kaenda zake misa. Ndio uzee, sajenti. Tutafanyaje?"

Hadi Jumatano mtaa mzima ulikuwa umeafiki. Mtaa huwa mwepesi kuafiki jambo lisilouhusu. Sabino alikuwa amezungumza na masista wa nyumba ya wazee, na chumba kingekuwa tayari Jumatatu. Incoronata alikuwa amekunja nusu ya nguo zake. Hakubisha, kwa sababu hata yeye hakujiamini tena. Alikumbuka kuzima jiko, lakini walimwambia kwamba hivyo ndivyo wasemavyo wote wanaosahau.

Basi Jumatano hiyo, akifuta masizi jikoni, mkono wake ulifika kwenye ile swichi. Akaibonyeza kwa mazoea, akaishikilia kama anawasha. Akaganda hapo hapo na kitambaa mkononi. Kisha akavua aproni, akaenda mwenyewe kituoni.

"Mama Incoronata, ripoti nimeshaimaliza," alisema Lozito.

"Basi utaianza upya. Mpitie Potito muuza gesi, aje na mtungi mwingine."

Potito alikuja akinung'unika, jasho likimtiririka. Alijua kwamba gesi ikilipuka, mtu wa kwanza kutazamwa ni aliyeileta.

"Kabla hujanitazama hivyo, sajenti," alisema, "nilimletea mama mtungi Alhamisi, umejaa. Mpira wa gesi huu hapa, tarehe yake ya mwisho bado mbali. Isome. Na kwenye nati ya regulata, pale mtungi unapofungwa, niliweka ringi mpya ya kuzuia gesi kuvuja, nyekundu, kama ninavyowawekea wateja wangu wote. Wengine huacha ileile nyeusi mpaka inapasuka."

"Tutaona," alisema Lozito. "Unga."

Incoronata alifungua madirisha yote kwanza. Potito aliishika nati ya regulata, akachungulia ndani, akaguna, akatia ringi mpya na kuunganisha mtungi aliokuja nao. Kisha akapaka povu la sabuni kwenye maungio, akafungua mtungi kidogo. Povu lilitulia, halikutoa hata kiputo. Incoronata aliwasha jiko kubwa, akashikilia swichi mpaka moto wa buluu ukasimama wenyewe, halafu akaumwagia kikombe cha maji. Moto ulizimika.

"Subiri, sajenti. Usiguse swichi."

Walisubiri. Ndani ya jiko kikasikika kitu kimegonga, ta.

"Imejifunga," alisema Potito. "Majiko ya siku hizi ndivyo yalivyo. Pale kando ya moto kuna kijiti. Kikipoa, gesi inakatwa."

"Lakini swichi bado iko wazi," alisema Lozito.

"Iache wazi mpaka Krismasi," alisema Incoronata. "Bila mtu kuibonyeza na kuishikilia, gesi haitoki. Jiko hili maziwa yamelifurikia mara ngapi sijui, na kila mara nalitukana kwa sababu ya kujizima. Kwa hiyo gesi iliyomuunguza Ersilia haikutoka kwenye jiko. Asubuhi ile niliufungua mtungi, nikachemsha maziwa, nikazima, mtungi nikauacha wazi kwa ajili ya kahawa yake. Sasa twende kwenye huo mtungi."

Lozito aliuinua ule uliokuwa barazani, akashangaa. Mkono mmoja ulitosha.

"Huu ulikuwa umejaa Alhamisi?"

"Nimeupandisha ngazi kwa mgongo wangu," alisema Potito. "Na gesi yote hiyo ingevujia jikoni, leo tusingekuwa na jikoni. Imepikiwa mahali pengine. Halafu mlinitazama nikichungulia nati? Haikuwa na ringi. Hata ukaze kwa spana mpaka uvunjike mkono, bila ringi itavuja tu. Nyeusi haimo, yangu nyekundu nayo haimo."

"Umeifungua mwenyewe, mama?"

"Mimi? Sina nguvu hata ya kufungua chupa ya zeituni. Jumamosi sikushinda hapa. Nilikwenda na basi la parokia kuhiji, nikarudi jioni nimechoka, nikala mkate na jibini, nikalala. Mtungi sikuugusa."

Akageukia dirisha. Jumamosi hiyo ilikuwa sikukuu, maduka yote yamefungwa, na ng'ambo ya barabara mkwewe Ripalta, mke wa Sabino, alikuwa akitengeneza sosi ya nyanya ya mwaka mzima, kama kila nyumba yenye akili mwezi wa Agosti. Jumapili, siku ileile ya moto, alimletea mama mkwe kikapu cha chupa, akamfariji.  Incoronata akavuka barabara, sajenti na Potito nyuma yake.

Sabino alikuwa uani. Jiko la miguu mitatu, lile la kuchemshia chupa za sosi kwenye pipa, lilikuwa bado limesimama chini ya mzabibu, maganda ya nyanya yamekaukia kwenye miguu yake.

"Mama, umetoka juani na kofia huna? Unaona, sajenti? Hivi ndivyo alivyo siku hizi."

"Potito, fungua nati ya jiko hili," alisema Incoronata.

Potito aliifungua, akamwinamishia Lozito. Sajenti aliingiza ncha ya kalamu na kutoa ringi mbili zilizogandana, moja nyeusi ya zamani, nyingine nyekundu.

"Nati moja huvaa ringi moja," alisema Potito. "Hii yangu ilinata kwenye mdomo wa mtungi, akaja nao mpaka huku, akafunga nati yake juu yake; alipofungua, ringi ikabaki humu."

Sabino alikaa kwenye kreti la nyanya.

"Gesi ilikatika chupa ziko ndani ya pipa," alisema. "Sikukuu, nani angetuuzia? Mama hayupo, ufunguo ninao. Nilichukua mtungi wake, nikaurudisha jioni kabla hajarudi. Nilikaza, naapa, nilikaza kwa nguvu zote."

"Hilo naliamini," alisema Lozito. "Na swichi?"

"Nilikuta imefungwa."

"Hujawahi kuwasha jiko langu maisha yako yote," alisema Incoronata. "Hata yai hujakaanga. Ungelijua jiko ungetunga uongo mwingine."

"Niliona miguu ya Ersilia, mama. Nikaogopa jela. Nikasema mzee akisahau, nani atamshtaki? Halafu Ripalta akasema basi huwezi kukaa peke yako, watu wakakubali, masista wakakubali. Nikashindwa kurudi nyuma."

"Ungeniambia nyumba umeichoma, ningekupikia chakula cha mchana," alisema Incoronata. "Lakini uliniacha nikiorodhesha majina ya ndugu zangu kitandani, mmoja mmoja, kuona kama bado nayajua. Ulikuja kila siku, ukanitazama nikikunja nguo."

 Lozito alikohoa.

"Mama Incoronata, nikiandika hivi, mwanao atafika mahakamani."

"Andika."

"Ni mwanao."

"Ndiyo maana. Angekuwa mgeni ningemsamehe palepale mlangoni." Alimgeukia Sabino. "Inuka. Basi la Foggia linapita sasa hivi. Utamwambia Ersilia kwa mdomo wako, kabla hajasikia kwa sajenti. Nitakaa kando yako. Maneno utayasema wewe."