Chungu cha Mgeni, Mkono wa Mume Wangu

Nina miaka thelathini na tisa, mama wa watoto wawili, mkazi wa Chuno hapa Mtwara mjini. Nashona nguo za kike barazani kwangu. Wanaonijua watawaambia kwamba nina mdomo, na kwamba jambo likinikera silali nalo. Ni kweli kabisa. Lakini siku niliyouhitaji mdomo wangu kuliko siku zote, ulinisusa.

Nawaandikia nyinyi wasomaji wenzangu kwa sababu huku mtaani sina mtu mpya wa kumsimulia. Wote wanajua. Walijua kabla yangu mimi mwenye mume...

Mume wangu nitamwita Saidi. Ni mpishi katika kambi ya wafanyakazi wa gesi kule Msimbati. Akienda zamu hukaa huko wiki kadhaa, kisha anarudi nyumbani kupumzika. Bosi wake wa jikoni alikuwa Mbrazili mmoja mnene, mcheshi, aliyemfundisha mapishi ya kwao. Saidi akirudi naye ananifundisha mimi. Wanaume wangapi wanaingia jikoni na mke, wakamenya vitunguu pamoja? Wangu alikuwa hivyo. Nilijiona nimepata.

Pishi lake kubwa lilikuwa samaki wa nazi wa Kibrazili, wenye mawese, pilipili hoho na majani ya giligilani. Ila Saidi aliongeza kitu chake. Bosi alimwambia kwamba mikorosho asili yake ni kwao, na kwamba wao mabibo wanayala kwa kila namna. Basi Saidi akachukua kochoko, yale mabibo yaliyokaushwa, akayaloweka, akayasaga na kuyatia kwenye tui badala ya ndimu.

Kama si mtu wa huku nitakueleza. Kochoko kwetu watu huyanunua kutengenezea pombe. Mwanamke wa Kiislamu akionekana nayo jikoni, majirani watamwangalia vibaya. Nani angefikiria kuyatia kwenye samaki? Lakini yanaleta uchachu wenye utamu fulani ambao ndimu haina. Ikawa siri yetu, mimi na yeye. Hata mama yangu mzazi sikumwambia.

Sasa nije kwa Mwanaisha. Huyu si shoga wa kukutana ukubwani. Tulichezwa unyago pamoja, tukatolewa mwali siku moja, na somo aliyetufunda ni mmoja. Kwetu watu wa namna hiyo ni ndugu. Mwanangu wa kwanza alimpokea yeye mikononi mwake. Baba yangu alipofariki, yeye ndiye aliyenifunga kanga kiunoni maana mimi mikono haikuwa na nguvu.

Mimi na yeye ndio tulioanzisha klabu yetu ya mapishi. Wanawake wa mtaani tu, kila mwezi tunakutana nyumbani kwa mmoja wetu, na mwenyeji anachagua chakula cha nchi gani tupike. Tumeshapika Kihindi, Kiarabu, hata Kichina, ingawa siku ya Kichina tambi zilituungulia tukamalizia kwa ugali. Kukitokea harusi au msiba, klabu nzima tunabeba masufuria na kwenda kupika.

Tuna mchezo wetu. Kila anayekuja huleta chungu chake, na ndani yake ameficha kiungo kimoja. Mwenyeji hufumba macho, anaonja, anataja kilichofichwa. Akipatia tunampigia vigelegele. Mimi sikuwahi kushindwa, ulimi wangu unajulikana.

Mwaka jana Saidi alianza kubadilika. Zamu zikawa ndefu. Akirudi anakaa kimya, simu kifuani, jikoni haingii tena. Nikimuuliza ananijibu kwamba kazi imekuwa nzito. Nilimlilia Mwanaisha barazani kwangu. Nilimwambia, shoga yangu, mume wangu ananiponyoka na sijui nimshike wapi... Akanikumbatia. Akaniambia nitulie, wanaume wana misimu yao kama maembe, nitampata tena.

Zamu yangu ya kuwa mwenyeji ilipofika, nikachagua mapishi ya Kilatini. Mnaelewa kwa nini? Yalikuwa mapishi yake. Nilitaka Saidi aingie ndani akute nyumba inanukia kama zile siku zetu, akumbuke. Nikampigia simu Msimbati, nikamwomba arudi siku ile. Akakubali haraka, kwa sauti ya furaha ambayo nilikuwa sijaisikia miezi mingi. Nililia kwa raha nilipokata simu. Jamani, nilikuwa mjinga kiasi gani?

Nilihangaika. Maharage meusi yalinishinda kupata, nikaweka kunde. Nikakanda unga wa mahindi na kuchoma vichapati vyembamba, nikakaanga muhogo na ndizi mzuzu, nikafanya sambusa za nusu mwezi za kuoka. Nikatundika kanga nyekundu ukutani na kutafuta muziki wa Kikyuba kwenye simu. Nikajishonea gauni lenye marinda. Na samaki wa Saidi nikampika mwenyewe.

Wenzangu walifika baada ya magharibi. Walicheka sana. Mmoja alifunua sahani hii na ile, akasema kumbe hawa Walatini ni Wamakonde wenzetu, nazi, muhogo, samaki, mahindi, wametuacha wapi? Nilipowaeleza kwamba wengine huko hula samaki mbichi aliyeiva kwa ndimu tu, wakasema hapana, wao si paka.

Mwanaisha alikuja na msichana. Alimtambulisha kwa jina la Somoe, mdogo wake wa Msimbati, anapenda kupika na anataka kujiunga. Mpole, mzuri, amevaa dira pana. Alinipigia magoti kunisalimia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniletea na doti ya kanga. Nilishangaa kidogo. Heshima yote hii kwa fundi cherehani? Nikasema moyoni, watoto wa Msimbati wana adabu.

Ukafika mchezo. Nikafunga macho kwa mtandio, wakaanza kunilisha kijiko baada ya kijiko. Cha kwanza nikataja mdalasini. Kingine nikataja embe bichi. Vigelegele. Kisha Mwanaisha akasema, sasa mwonjeshe cha Somoe. Nilisikia sauti yake imekauka, lakini sikutilia maanani.

Nikaonja.

Samaki, tui, mawese. Na nyuma yake... kochoko.

Wasomaji wangu, sijui niwaeleze vipi. Mpishi ana mkono wake. Ule haukuwa mkono wa mtu aliyebahatisha. Kiasi cha chumvi, pilipili iliyopasuliwa bila kukatwa, tui zito kutiwa mwishoni, yote yalikuwa yake. Nilikuwa nimefumba macho na nikamwona Saidi amesimama mbele ya jiko.

Nikavua mtandio. Nikamuuliza yule binti nani amemfundisha. Akainamisha kichwa kwa haya, akanijibu kwa upole.

"Bi mkubwa, si mume wetu? Aliniambia hiki ndicho chakula unachokipenda, nikipike nije nacho."

Muziki ulikuwa unaendelea. Nikamwangalia Mwanaisha nikitegemea ashangae pamoja nami, aruke, amuulize huyu mtoto anasema nini. Alikuwa anaangalia sakafu. Nikamwangalia wa pili, sakafu. Wote, sakafu. Hakuna hata mmoja aliyeshangaa... Hapo ndipo nilipojua kwamba si mume peke yake.

Mwanaisha akaanza kueleza, maneno yanagongana. Somoe si mdogo wake, ni mke wa Saidi, na ndoa ilifungwa Msimbati. Na waliopika pilau la harusi ni wao, klabu yangu. Nikamuuliza lini. Akaanza kulia, na mwenzake mmoja ndiye aliyenijibu kwamba ni ile siku waliyosema wanakwenda kuzika kijijini Mahurunga.

Siku ile naikumbuka. Nilikuwa nimelala na malaria. Nilitaka kwenda msibani hivyo hivyo, Mwanaisha akanikataza. Aliniletea uji wa mchele asubuhi na mapema, akanishikia kikombe mpaka nikamaliza, akanifunika shuka. Akaniambia lala mwenzangu, nitakuzikia na wewe. Kisha akatoka hapo kitandani kwangu, akabeba masufuria, akaenda kumwozesha mume wangu.

Mtu anapata wapi moyo wa namna hiyo?

Akasema Saidi aliwaangukia. Akasema waliona ndoa itafungwa tu, wawepo wasiwepo, na kwamba waliogopa nitavunja nyumba kwa hasira zangu. Ndipo yeye akatoa wazo, akamwambia Saidi kwamba watu wakishakula sinia moja hasira hupoa, kwa hiyo aniletee mke mwenzangu katika mchezo wa vyungu, nimtambue kwa chakula chake, nimpende kabla ya kumchukia. Ndiyo mila yetu, wagombanao hulishwa pamoja. Lakini jamani, hulishwa wanaojua kwamba wanagombana!

Somoe alikuwa analia kuliko sisi sote. Alikuwa ameambiwa kwamba nimeridhia. Aliambiwa mimi mwenyewe nimemwita nimpokee. Chini ya lile dira alikuwa na mimba. Sikuweza kumchukia, nilijaribu nikashindwa.

Nilitaka kutukana. Matusi ninayo, Mungu ananijua. Hayakutoka. Mdomo ukawa mzito kama wa mtu aliyeng'olewa jino. Nikachukua upawa, nikaanza kupakua. Nikawawekea kila mmoja, samaki wa kwangu na samaki wa Somoe katika sahani moja, nikawakaribisha bismillahi. Hakuna aliyekula. Walikaa na sahani mapajani kama watu wa matanga.

Mlango ukafunguliwa, Saidi akaingia. Walikuwa wamepanga aje wakati huo. Amenyoa, kanzu imepigwa pasi, na usoni ana tabasamu la mtu anayejua mambo yameshamalizika.

"Mmeshakula?" akauliza.

Neno lile linanirudia mpaka leo. Mmeshakula. Alipoona sura yangu tabasamu likamtoka. Akasema alijua mimi ni mtu mzima, nitaelewa, dini inaruhusu. Nikamwambia dini naijua, mama yangu mwenyewe aliishi uke wenza, yeye na mwenzake wakateka maji pamoja mpaka uzeeni. Lakini baba alikuja akasema. Aliketi mkekani, akamwangalia mama usoni, akasema. Wewe umeshindwa hilo tu?

Nikamwuliza kama kulikuwa na kosa nililomfanyia. Akasema hakuna. Nadhani hilo ndilo lililoniua kabisa. Kama kungekuwa na kosa, ningekuwa na pa kushika.

Kwetu mwanaume ndiye anayehamia kwa mke, na nyumba ile ni ya upande wa mama yangu. Nikamwambia atoke na mkewe. Wenzangu wakatoka nao, mmoja mmoja, na viatu mikononi. Mwanaisha akabaki, akataka kunisaidia kuosha vyombo kama tulivyozoea. Nikamwonyesha mlango kwa kidole.

Mjomba wangu alijaribu kusuluhisha, vikao vikakaliwa. Nilidai talaka, Saidi akaniandikia huku analia. Nami nililia. Sitawadanganya kwamba simpendi. Kuna siku nasikia pikipiki inasimama nje nachungulia dirishani kama mwali. Somoe amejifungua, na watoto wangu wanakwenda kumwona ndugu yao. Siwazuii.

Klabu imekufa. Mimi mwenyewe napika wali na dagaa, watoto wakilalamika nawanyamazisha. Nikiingia jikoni natoka haraka.

Saidi nimeshamsamehe, kwa jinsi mtu anavyosamehe mume aliyeshiba akatafuta mezani kwingine. Wamo wengi, wala si wa kwanza. Mwanaisha nimeshindwa. Anakuja kila Ijumaa baada ya sala, anakaa kwenye kizingiti, anaongea na mlango. Anasema alitaka kuniokoa. Namsikia kila neno, mimi niko upande wa pili nimekaa chini, mgongo wangu kwenye mbao zile zile. Mkono unakwenda kwenye komeo. Kisha nakumbuka uji wa mchele, mkono unarudi.

Dada zangu mnaosoma, msijidanganye kwamba mwanaume aliyeamua kuondoka anarudishwa na chungu. Nilipoteza siku nyingi nikisaga viungo badala ya kumkalisha na kumuuliza. Na nyinyi wenye mashoga, nawapigia magoti. Mkijua, semeni. Msipange, msitafute siku nzuri, msimwandalie mwenzenu karamu ya kumwulia. Mwambie asubuhi, amesimama uani na ufagio wake, asikie kwako. Atakutukana. Anaweza hata kukupiga na huo ufagio. Mimi ningemtukana Mwanaisha, ningemfukuza, nisingemsalimia wiki nzima.

Halafu ningekwenda kwake kulia. Nilikuwa na mtu mmoja tu duniani wa kumwendea siku mume wangu akioa, na ndiye aliyekuwa jikoni anapika pilau. Sasa niambieni, nyinyi mliosoma mpaka hapa... nikalie kwa nani?